Nafasi Ndani ya Kinasa Joto

Duka langu la ufundi liko Mugumu, pembeni ya soko, na kazi inayonilisha ni simu. Watu huja wakisema simu imejaa. Wanasema imejaa kama mtu anavyosema debe limejaa, na mimi huketi nao tukifuta picha moja moja huku wakinikataza kugusa hii na ile. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi bila kujiuliza picha hizo hukaa wapi hasa. Chuo cha ufundi tulisomea ubaoni. Mwalimu alichora kisanduku, akaandika ndani yake neno kumbukumbu, akachora mshale wa kuingia na mshale wa kutoka, tukanakili, tukaendelea na somo la transista.

Aliyenifanya nikirudie kile kisanduku ni mama mmoja muuza vitambaa, jirani yangu pale sokoni. Wazazi wake walitoka Tanga zamani, baba yake alikuwa fundi cherehani, lakini yeye amezaliwa hapahapa na anajibizana na wateja kwa Kikurya bila kutafuta neno. Mumewe amefariki, watoto wako mbali, na nyumbani kwake Morotonga alikuwa ameanzisha kazi ya pili: mashine ya kutotolesha vifaranga. Mayai ya kienyeji aliyanunua kwa akina mama wa Kenyamonta, na vifaranga vikitoka walikuwapo watu wa kuvinunua mpaka Kewanja, kule mgodini, ambako kuku hawatoshi kamwe.

Alikuja asubuhi moja kabla sijafungua meza zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina shida ambayo si ya simu."

Akanieleza. Mayai yake yalikuwa yanaanza vizuri. Akiyapima kwa taa wiki ya kwanza anaona mishipa, wiki ya pili anaona kifaranga kinacheza. Halafu siku za mwisho wanakufa ndani ya ganda. Wengine hutoboa tundu dogo, wanachungulia, wanakufa hapohapo. Alikuwa ameuliza watu wengi. Mmoja alimwambia majogoo ni wagonjwa, mwingine akamwambia maji ya kwenye beseni la unyevu ni machafu, na jirani yake mmoja akamwambia kuna jicho baya.

"Kipimajoto nakiangalia asubuhi, nyuzi thelathini na saba na nusu," alisema. "Nikirudi jioni, hivyohivyo. Sasa mchana kutwa nyumba imefungwa, mimi niko hapa. Nataka mtu wa kukaa mle ndani akodoe macho mpaka nirudi. Mtu huyo hayupo. Wewe huwezi kunitengenezea?"

Nilimwambia vifaa vya kunasa joto vipo, vinaagizwa. Akaniuliza, "Na wewe huwezi?" Hakunichokoza, alitaka kujua tu. Nikasema nitajaribu.

Nilikuwa na kibao kidogo cha elektroniki nilichokinunua Sirari, mpakani, kwa kujifurahisha, kikakaa kwenye droo. Kina akili yake ndani ya kidude kimoja cheusi, miguu pande mbili kama tandu. Nikaongeza kihisi joto, nikaanza kusoma jinsi ya kukifundisha. Ukurasa niliousoma ulikuwa wa Kiingereza, mrefu, na nilikuwa nausoma dukani kati ya mteja na mteja. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kile kisanduku cha mwalimu si kimoja. Ni vitatu.

Kimoja kinaweka maagizo, yaani ile kazi niliyokituma kifanye, na hakibadiliki mpaka mimi mwenyewe nikibadilishe. Cha pili ni cha mambo ya sasa hivi: hesabu kinayoifanya, saa kiliyofikia, kipimo kilichokishika mkononi. Hicho umeme ukikatika kinasahau kila kitu. Cha tatu ni kidogo kuliko vyote, na ndicho kinachokumbuka hata umeme ukizimwa. Kwenye kidude changu hicho cha tatu kina vyumba elfu moja na ishirini na vinne. Kila chumba kinachukua namba moja, kuanzia sifuri mpaka mia mbili hamsini na tano, basi. Wao wanakiita baiti. Mimi nilikiita chumba na hata leo nakiita hivyo.

Nilimpigia mtu aliyeniuzia kibao hicho Sirari, Mkenya mchangamfu.

"Madam, hiyo memori ni kidogo sana," alisema. "Weka kadi, uwache stress."

"Kadi unayo?"

"Kwa sasa sina. Labda wiki ijayo, labda ingine."

Nikaamua kuanza na vyumba nilivyonavyo. Kusema kweli nilikuwa nimeshanogewa. Nilitaka kuona vitatosha au havitatosha.

Mayai ya kuku hukaa siku ishirini na moja. Nikipima joto kila nusu saa, siku moja ina vipimo arobaini na nane. Nikapiga hesabu kwenye kipande cha boksi la simu, nikapata elfu moja na nane. Nilirudia hesabu ile mara tatu. Wiki tatu nzima zinaingia kwenye vyumba vyangu na vinabaki kumi na sita. Hivyo vilivyobaki nikavitenga mwanzoni, kama ofisi. Humo niliandika siku na saa ya kuanza, na namba ya chumba cha mwisho kuandikwa, ili kifaa kikizimika na kuwaka tena kijue kiendelee wapi.

Ikabaki shida ya nukta. Chumba kinapokea namba nzima tu, hakijui nusu wala robo, na kwenye mayai tofauti ya nusu nyuzi ni jambo kubwa. Siku mbili nilizunguka na swali hilo. Nilikuwa nachomoa kioo cha simu ya mtu huku nawaza chumba. Kisha nikaona kwamba hakuna sababu ya kuanza kuhesabu joto kwenye sifuri, maana ndani ya mashine haitafika sifuri hata siku moja. Nikaanzia nyuzi ishirini na tano, na kila hatua moja nikaifanya sehemu ya kumi ya nyuzi. Kwa hiyo mia na ishirini na sita ikawa na maana ya thelathini na saba nukta sita. Chini ya ishirini na tano kifaa kinaandika sifuri, yaani baridi, usiulize zaidi.

Nilimweleza mama yule tukiwa tumekaa kwenye benchi la dukani kwake. Alisikiliza akiwa amekunja kitambaa magotini.

"Kwa hiyo saa hukuiandika," alisema.

"Ya kuanza tu. Nyingine inajulikana kwa nafasi yake. Chumba cha kwanza ni nusu saa ya kwanza, cha pili ni nusu saa ya pili, hivyohivyo mpaka mwisho. Ningeandika saa pembeni ya kila kipimo, vyumba vingeisha kabla ya wiki mbili."

"Akili hiyo," alisema, nami nilifurahi kama mtoto.

Tulikiweka kifaa siku alipoingiza mayai mapya. Kilikuwa ndani ya kopo la plastiki, waya wa kihisi ukiingia kwenye mashine kupitia tundu la hewa, na umeme nikauchukua palepale unapoingilia kwenye mashine. Nilielekea dukani nikijisikia mtu aliyemwacha mlinzi makini.

Wiki tatu zikapita. Vifaranga waliotoka walikuwa wachache kama kawaida. Mama alinipigia simu na sauti yake ilikuwa imechoka, akasema njoo usome hicho kitu chako. Nikaenda Morotonga na laptopu. Harufu ya chumba kile siisahau, ya maganda na manyoya mabichi. Alikuwa ameyapasua mayai yaliyokataa na kuyapanga kwenye sinia, vifaranga kamili wenye kucha na midomo, wamejikunja.

Nikachomeka waya. Namba zikashuka kwenye kioo, nikazigeuza kuwa nyuzi: thelathini na saba nukta tano, nukta sita, nukta tano, nukta tatu, nukta tano. Safi tangu mwanzo. Nilishuka na kushuka na hapakuwa na lolote. Mama alikuwa ameinama begani kwangu, miwani puani.

"Huku mwisho mayai yameiva," alisema.

"Wapi?"

Akaweka kidole kwenye kioo. Mistari ya mwisho yote ilisomeka nyuzi hamsini nukta tano, mmoja baada ya mwingine bila kubadilika.  Nikadhani mashine imeungua siku ya mwisho na sisi tumekaa tu. Lakini vifaranga waliotoka, hata kama ni wachache, walikuwa hai kwenye boksi wakilia, na kwa joto lile asingepona hata mmoja. Nikarudi kwenye namba zenyewe kabla hazijageuzwa. Zote zilikuwa mia mbili hamsini na tano.

Hapo nikakumbuka jambo nililolisoma harakaharaka na kulipita. Chumba ambacho hakijaandikwa kitu hakisomeki sifuri. Kinasomeka mia mbili hamsini na tano, maana ndivyo kinavyokaa kikiwa kitupu. Nikamwambia.

"Kwa hiyo si joto. Ni vyumba ambavyo havijapata mtu," alisema.

"Ndiyo."

"Na ulisema wiki tatu zinavijaza vyote."

"Ndiyo."

"Sasa wiki tatu zimekwisha. Mbona bado viko vitupu?"

Nikavihesabu. Vilikuwa vyumba kama hamsini, yaani zaidi ya siku nzima ambayo haikuandikwa. Ila haikuwa siku ya mwisho iliyokosekana, maana jana yake mashine ilikuwa inafanya kazi na mama aliiona. Nikaanza kufuata kwa kidole kile ambacho kifaa hufanya umeme ukikatika. Kinazimika pamoja na mashine. Umeme ukirudi kinaamka, kinakwenda ofisini, kinaona kiliishia chumba gani, kinangoja nusu saa yake, kisha kinaandika kwenye chumba kinachofuata kana kwamba hakuna kilichotokea. Na mashine ya mama ina balbu kali, dakika ishirini zinatosha kulirudisha joto. Kwa hiyo kila kifaa kilipoangalia, mambo yalikuwa mazuri. Saa za giza hazikuacha pengo mahali zilipotokea. Namba zilisogea mbele kulijaza, na mapengo yote ya wiki tatu yakaenda kukusanyika mwisho.

"Mlinzi wetu alikuwa analala kila mwizi anapoingia," nilisema.

Mama alicheka, akaketi kwenye ndoo. "Lakini umeme huku haukatiki hivyo. Nikiwa nyumbani siuoni ukikatika. Na majirani wangesema."

Hilo lilikuwa kweli. Vilevile vile vyumba vitupu havikuweza kutueleza kama ni giza la siku moja ndefu au vipande vidogo vingi, maana hata umeme ukipotea dakika moja tu, kifaa huanza upya kuhesabu nusu saa yake. Tulikuwa tunajua kiasi tulichopoteza bila kujua tulikipoteza lini.

Nilichukua kifaa nikarudi nacho dukani. Betri ya kukiendesha ilikuwa rahisi, simu mbovu nilikuwa nazo tele. Kikiwa na betri yake hakitalala tena, na mpangilio wangu wa kuhesabu saa kwa nafasi utabaki wa kweli. Ila sasa nilitaka kiandike na jambo la pili: je, katika nusu saa ile umeme wa mashine ulipotea, hata kidogo? Jibu lake ni ndiyo au hapana tu. Lakini hata ndiyo inahitaji pa kukaa, na vyumba vyote vilikuwa na wenyewe.

Nilijaribu kuubana muda. Nikipima kila baada ya saa nzima nusu ya vyumba inabaki, lakini saa nzima ni ndefu mno. Nilijaribu kuubana mwanzo, ile ofisi ya vyumba kumi na sita, nikapata vyumba vichache visivyosaidia kitu. Mwishowe nikaangalia ndani ya chumba chenyewe. Chumba kimoja kina nafasi nane ndogo, kila moja ni ya kuwaka au kuzima, na ndizo zinazojenga ile namba. Nikachukua nafasi moja kati ya nane nikaipa umeme. Saba zilizobaki zikabaki za joto. Zikiwa saba namba inafika mia na ishirini na saba tu, kwa hiyo ikabidi nipunguze urefu wa joto ninaloliona. Nilimfuata mama kumuuliza, maana hapo palikuwa pake pa kuamua.

"Naweza kukuwekea kuanzia thelathini mpaka arobaini na mbili na kitu," nilimwambia. "Likishuka chini ya hapo nitajua ni baridi lakini sitajua ni baridi kiasi gani. Likizidi, hivyohivyo."

Alifikiri. "Likizidi arobaini na mbili mayai yamekufa. Ya nini kujua yamekufa kwa ngapi?"

"Na chini ya thelathini?"

"Chini ya thelathini najua yamelala. Niandikie umeme."

Tukaweka mayai mengine. Safari hii hatukungoja wiki tatu. Baada ya wiki mbili mama alifunga duka mapema, tukaenda Morotonga pamoja tukiwa na vitumbua vyake kwenye mfuko, nikachomeka waya. Sasa namba zilikuwa zimechafuka. Thelathini na saba, thelathini na tano, thelathini na mbili, thelathini na sita, na pembeni ya kila mshuko ile alama ya umeme.  Zilikuwa nyingi mno kusomeka zikiwa kwenye mstari mmoja mrefu, basi nikazikata, vyumba arobaini na nane kila mstari, ili kila siku ikae kwenye mstari wake na saa zilingane kutoka juu mpaka chini.

Zilipokaa hivyo tuliona wote wawili kwa mara moja. Usiku wote ulikuwa safi. Asubuhi safi. Alama zilianza kama saa nne hivi za mchana, zikapungua wakati wa chakula, zikarudi mpaka jioni kabla mama hajafika nyumbani. Kila siku zilikuwa hapohapo. Isipokuwa mistari miwili iliyokuwa mitupu kabisa, bila alama hata moja.

"Hii siku gani?" aliuliza.

Nikahesabu tangu siku ya kuanza. "Jumamosi. Na hii nyingine Jumamosi."

Mama alivua miwani. "Mimi napumzika Ijumaa kidogo. Wewe Jumapili. Nani anapumzika Jumamosi?"

Sikuhitaji kumjibu, maana kupitia dirishani tuliisikia ile sauti iliyokuwa ikisikika tangu tulipofika, sauti ya kukwaruza na kupasuka. Ng'ambo ya ua wake kulikuwa na mchomeleaji wa mageti, Msabato, mtu asiyegusa chuma siku ya Sabato kwa fedha yoyote.

Kwenye soketi ya mashine mama alikuwa amechomeka friji gadi, kile kifaa cha kulinda friji umeme ukiyumba. Alikinunua Tarime ili mashine isiungue. Tulisimama mbele yake tukakiangalia. Upande wa pili kelele zilianza, na taa yake ya kijani ikageuka nyekundu. Balbu za mashine zikazimika. Kelele zikakoma. Gadi ikangoja dakika zake kama ilivyotengenezwa, kisha ikalia tik na balbu zikawaka. Kabla hazijapata joto, kelele zikaanza tena.

Hakuna aliyekuwa ameuona umeme ukikatika kwa sababu haukukatika. Uliyumba kidogo tu, mchana, taa zikiwa zimezimwa majumbani, na kile kilichowekwa kulinda kikawa kinakata kwa hofu.

Tulizunguka ua. Mchomeleaji alikuwa mtu mzima wa makamo, Mkurya wa Tarime kama mimi, miwani myeusi juu ya paji la uso. Alimsalimu mama kwa heshima, akatufutia viti kwa koti lake. Mama ndiye aliyeongea, polepole, bila kulaumu. Alimweleza vifaranga, kifaa, mistari miwili ya Jumamosi. Nikadhani atakasirika. Aligeuka akaniangalia mimi.

"Hicho kidude kimejua mimi ni Msabato?"

"Hakikujua, mzee. Sisi ndio tuliojua."

Alitaka kukiona. Tukarudi naye, akapiga magoti mbele ya laptopu akafuata mistari kwa kidole chenye masizi, akaitaja mwenyewe: hapa geti la shule, lile zito, hapa nilikwenda msibani nikarudi mchana. Kwa siku ya msiba mstari ulikuwa safi mpaka saa nane. Alifurahi kuliko sisi. Kisha akasikitika, akampa mama pole kwa vifaranga, akasema, "Mimi nikiwasha hata redio yangu inalia. Sikufikiria mayai."

Hatukumwomba aache kazi, na yeye hakuahidi asichokiweza. Mimi niliugawa umeme njia mbili: balbu za joto nikazitoa kwenye gadi, nikazichomeka moja kwa moja, kwa kuwa balbu haiumii umeme ukishuka, inafifia tu. Ule ubongo wa mashine, unaowasha na kuzima balbu, ndio niliouachia ulinzi, nao nikaupa kibetri kidogo. Miezi kadhaa baadaye watu wa umeme walikuja, wakamhamishia mchomeleaji kwenye fezi nyingine, yaani waya mwingine usiolisha nyumba ya mama.

Mayai yaliyofuata mama aliniita mapema. Nilifika nikakuta boksi limejaa hata pa kutia mkono hakuna, vifaranga wa rangi zote, na yeye ameketi chini kwenye mkeka. Baadaye alisema Alhamdulillahi kwa sauti ndogo, akaniambia nisome kinasa joto. Tulikisoma. Hakikuwa na jambo. Tulikisoma chote hata hivyo.

Yule wa Sirari alinitumia kadi hatimaye, yenye nafasi kubwa kuliko ningeweza kuijaza maisha yangu yote. Niliiweka kwa muda. Kipimo kila sekunde, saa pembeni, kila kitu. Baada ya wiki mama aliniuliza kama nimesoma, nikasema bado, ni vingi. Baada ya wiki nyingine hakuuliza. Nikaitoa kadi nikarudisha vyumba vyangu, na sijui kueleza vizuri kwa nini. Nadhani tulikuwa tumezoea kuamua kabla ni nini tunataka kujua.

Hayakutotolewa yote, hata hivyo. Kila mara yalibaki mayai ambayo hayakuanza kabisa, meupe ndani, na mengi ya hayo yalikuwa ya Kenyamonta. Mama alishuku njia. Mayai huja kwenye trei, nyuma ya pikipiki.

"Kifaa chako kinaweza kuhisi mtikisiko?" aliniuliza.

"Nikikipa kihisi chake."

"Na vyumba?"

Hapo nilijikuta nacheka peke yangu njiani kurudi, maana vyumba vilikuwa vilevile. Ila safari si wiki tatu. Ni saa mbili hivi. Nikigawanya saa mbili kwa vyumba vile vile, kila sekunde saba zinapata chumba chao. Sikuhitaji wastani pia. Yai halivunjwi na wastani. Nikakiagiza kiandike pigo kubwa kuliko yote ndani ya kila sekunde saba, moja tu, mengine kiyasahau.

Tulikwenda Kenyamonta wenyewe siku ya kununua. Mwanamke aliyetuuzia aliangalia kopo la plastiki tukilifunga katikati ya trei, akauliza kama ni dawa. Mama akamwambia ni mwandishi. Mwenye pikipiki akapakia, akavuta mipira ya kufungia kuzunguka trei, akavuta tena, akapiga trei ya juu kwa kiganja kuhakikisha imekaa. Tukamfuata nyuma kwa pikipiki nyingine, mavumbi yote yetu, na kila alipoingia kwenye shimo mama alinishika bega akasema, "Hilo. Hilo litaonekana."

Dukani kwake nilichomeka waya kabla hata ya kunawa. Tuliyatafuta mashimo. Yalikuwapo, madogo, yamepangana vizuri. Pigo kubwa kuliko yote halikuwa njiani. Lilikuwa kwenye vyumba vya mwanzo kabisa, pikipiki ikiwa bado imesimama, wakati mipira inavutwa na trei inapigwa kiganja.

Mama alikaa akiitazama ile namba. Kisha akampigia simu mwenye pikipiki, akamsalimu, akauliza habari za nyumbani, na akaanza kumweleza kwa upole kuhusu kamba za kitambaa badala ya ile mipira.